Kumwamini Mtu wa Mungu

Mwanzoni mwa mwaka 2011 barabara ya vumbi inayokwenda Samunge, kijiji cha wilaya ya Ngorongoro mkoani Arusha, ilijaa magari hadi yakashindwa kupishana. Yalikuwamo mabasi yaliyotoka mikoa ya mbali, magari yenye namba za Kenya, pikapu zilizobeba wagonjwa juu ya magodoro, na mashangingi ya wakubwa. Wenye fedha zao walikodi helikopta. Wote walifuata kikombe kimoja cha dawa iliyochemshwa kutokana na mizizi ya mti uitwao mugariga, wakinyweshwa na Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Nchi nzima ilimwita Babu. Alisema Mungu alimfunulia dawa hiyo ndotoni, na kwamba inaponya kisukari, pumu, saratani, shinikizo la damu na Ukimwi.

Bei ya kikombe ilikuwa shilingi 500.

Vijiweni na ndani ya daladala, bei hiyo ndiyo iliyomaliza ubishi. Tapeli gani anatoza shilingi mia tano? Mzee wa watu ni mchungaji, anaishi kijijini, hatangazi redioni, hana gari la fahari, na tajiri anapanga foleni ileile anayopanga maskini. Mawaziri na wabunge walipigwa picha wakiwa na kikombe mkononi. Wataalamu wa serikali waliipima dawa wakasema kwa kiwango kile haina sumu, na umma ukayapokea maneno hayo kana kwamba wamesema inaponya. Kuna wagonjwa waliorudi nyumbani wakaacha dawa za hospitali, na wapo waliokufa kwa sababu hiyo.

Babu alifariki Julai 2021, akiwa bado mkazi wa kijiji kilekile. Ukiyatazama maisha yake, ni vigumu kumwita mwongo. Inaelekea aliamini kila alichokisema. Hata hivyo, unyofu wa moyo wake haukuwa na uwezo wa kushusha sukari katika damu ya mtu. Watu waliipima dawa kwa kumpima aliyeitoa, wakamwona mwema, wakaridhika. Mtindo huo wa kupima haukuanzia Samunge wala haukuishia huko. Katika siasa, katika biashara, hata katika kutafuta mpangaji wa chumba cha uani, Afrika Mashariki inauendeleza kila siku.

Mwaka 2001 watafiti wa World Values Survey, mradi unaolinganisha mitazamo ya watu katika nchi nyingi duniani, waliwauliza Watanzania swali moja jepesi: je, watu wengi wanaaminika, au inabidi mtu awe mwangalifu sana anaposhughulika na wenzake? Waliojibu kwamba watu wengi wanaaminika hawakufika hata mmoja katika kila kumi. Hao ni watu wa nchi inayosifika kwa amani na undugu, nchi ambayo watu huitana ndugu hata wasipojuana majina. Katika utafiti huohuo, walio wengi mno walisema dini ni jambo muhimu sana katika maisha yao.

Majibu hayo mawili hayagongani. Mtu asiyemwamini mgeni anahitaji alama ya kumtambulisha huyo mgeni, na alama iliyo karibu zaidi ni dini. Inafanya kazi ya barua ya utambulisho ya mwenyekiti wa mtaa. Anayetafuta msichana wa kazi huuliza kanisani kwanza. Wazazi wa binti wanaoletewa posa huuliza kijana anaswali msikiti gani. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayetoa mzigo kwa mali kauli, yaani mteja achukue sasa alipe akishauza, hutaka kujua mteja ni mtoto wa nani na amelelewa vipi. Hakuna anayeyaandika haya popote, lakini biashara, ndoa na ajira za mamilioni ya watu zimejengwa juu yake.

Na katika ngazi ya taifa kuna kanuni isiyoandikwa ambayo Watanzania wote wanaijua. Nyerere alikuwa Mkristo, akafuata Mwinyi, Mwislamu. Mkapa Mkristo, Kikwete Mwislamu, Magufuli Mkristo, Samia Mwislamu. Katiba haisemi lolote kuhusu zamu, na tangu sensa ya mwaka 1967 wananchi hawaulizwi dini zao wanapohesabiwa. Serikali hurudia kila mara kwamba haina dini. Ila wanaoteua wagombea wanajua kwamba muumini wa upande mmoja hulala usingizi mzuri akijua zamu ya upande wake haijasahaulika.

Ubaya wa utambulisho wa aina hii ni kwamba unaghushika kirahisi. Miaka miwili kabla ya kikombe cha Samunge, Watanzania walikuwa wamepata funzo kali kutoka kwa taasisi iliyoitwa DECI. Viongozi wake walikuwa wachungaji. Lugha yake ilikuwa ya kwenye mimbari: mwanachama hakuwekeza, alipanda mbegu, hakupata faida, alivuna. Aliyepanda aliahidiwa kuvuna maradufu au zaidi, na waliotangulia kweli walivuna, kwa kuwa walilipwa mbegu za waliokuja nyuma. Wastaafu walipanda kiinua mgongo. Akina mama waliuza vitenge na vyombo wakapanda. Walioonya waliambiwa wana imani haba. Serikali ilipoingilia mwaka 2009 na kusimamisha shughuli hizo, baadhi ya wanachama waliikasirikia serikali, si wachungaji. Mwaka 2013 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu iliwatia hatiani viongozi kadhaa wa DECI kwa kuendesha upatu na kupokea amana za umma bila leseni.

Kenya ilikuwa imekwisha kuungua kwa moto huohuo. Kikosi kazi kilichochunguza miradi ya aina hiyo kiliripoti mwaka 2009 kwamba Wakenya zaidi ya laki moja walipoteza zaidi ya shilingi bilioni 8 za Kenya. Baadhi ya miradi hiyo ilijinadi kupitia makanisa na vikundi vya maombi, kwa sababu humo ndimo watu walimokuwa wamekwisha kuzoea kuaminiana. Tapeli hakulazimika kujenga uaminifu wake mwenyewe. Aliazima uliokuwapo.

Msiba mkubwa kuliko yote ulifichuka Aprili 2023 katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Walikuwa wafuasi wa mhubiri anayedaiwa kuwaambia wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Yeye alikana mashtaka. Majirani, machifu na polisi walikuwa wamesikia minong'ono mapema, lakini hatua za kutosha hazikuchukuliwa.

Kwa hiyo mtu akisikia kwamba Waafrika Mashariki ni watu wa dini na kwa sababu hiyo wanaaminika, ana haki ya kuinua nyusi. Hata hivyo kuna upande wa pili wa habari hii, na usiposimuliwa vizuri mtu atadhani dini ni koti tu la kuvaliwa na wezi. Imani ya mtu inaweza kumfanya abebe mzigo ambao asiye nayo angeutua njiani. Mifano ipo, na miwili inastahili kuangaliwa kwa karibu.

Wa kwanza ni wa Ali Hassan Mwinyi. Mwaka 1976, yeye akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Tanzania, maofisa wa usalama waliokuwa wakichunguza mauaji yaliyohusishwa na uchawi katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga waliwakamata watu wengi na kuwatesa, baadhi yao hadi kufa. Mwinyi hakutuhumiwa kuagiza mateso hayo. Hakuwa Shinyanga. Angeweza kuunda tume, kuwasimamisha kazi wadogo, na kusubiri vumbi litulie. Badala yake, Januari 1977 alimwandikia Rais Nyerere akajiuzulu, kwa hoja kwamba waliotenda uovu ule walikuwa chini ya wizara yake. Waziri mwenzake, Peter Siyovelwa, na wakuu wa mikoa ile miwili nao waliachia ngazi. Baadhi ya maofisa walifikishwa mahakamani baadaye.

Mwinyi alipelekwa kuwa balozi Misri. Wengi waliona siasa zake zimekwisha. Mwaka 1984 alikuwa Rais wa Zanzibar, na mwaka 1985 akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Aliyejiuzulu kwa makosa ya wengine alipandishwa kuliko wote waliong'ang'ania viti, na hadi alipofariki tarehe 29 Februari 2024 hakuna mjadala wa waziri kuwajibika uliokwenda mbali bila jina lake kutajwa. Ni ajabu kidogo, tena inasikitisha, kwamba mfano unaotajwa miaka yote hii ni uleule mmoja.

Lakini habari ya Mwinyi ina sura ya pili ambayo wanaomsifu huiruka. Mtu huyuhuyu, mwalimu, mcha Mungu, mpole, aliongoza nchi kwa miaka kumi ambayo rushwa ilinenepa. Chini ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, kiongozi alikatazwa kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili au zaidi, na kumiliki nyumba za kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar Februari 1991. Uchumi ulikuwa unafunguliwa, bidhaa zimerudi madukani, na watu walishukuru. Jina la Mzee Rukhsa, alilobandikwa Mwinyi, halikuwa tusi. Lakini milango mingine iliyofunguliwa haikuwekewa bawabu. Benjamin Mkapa alipoingia madarakani alimteua Jaji Joseph Warioba kuongoza tume ya kuchunguza rushwa, na ripoti ya mwaka 1996 ilionyesha jinsi ugonjwa ulivyokuwa umeenea, kuanzia karani wa kawaida hadi wakubwa. Wema wa aliyekaa Ikulu haukuwa umeteremka ngazi hadi kaunta ya idara ya ardhi.

Mwaka 1995 ilipitishwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma. Tangu hapo kiongozi anaruhusiwa kuwa na mali, ila lazima azitamke kwa Sekretarieti ya Maadili kila mwisho wa mwaka. Mwananchi hasomi matamko hayo gazetini. Anaombwa aamini kwamba yamejazwa, yamesomwa na yamehakikiwa. Tumerudi palepale pa kumwamini mtu kwa sababu anaonekana mtu mzuri.

Mfano wa pili uko Kenya, na una faida moja juu ya wa Mwinyi: unaonyesha tabia ya mtu ikikutana na chombo chenye meno.

Mwaka 2003 jopo lililoongozwa na Jaji Aaron Ringera lilichunguza ufisadi katika mahakama za Kenya, na majaji 23 wakasimamishwa kwa mkupuo mmoja. Kwa Wakenya wengi habari hiyo ilithibitisha walichokuwa wakikisema kwa mzaha mchungu miaka mingi: kwa nini ukodi wakili ilhali unaweza kumnunua jaji? Uchaguzi wa Desemba 2007 ulipozua ubishi, upande wa mgombea wa upinzani, Raila Odinga, ulikataa kwenda mahakamani, ukisema hauna imani nazo. Hoja ilikwenda barabarani. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Hata kanisa halikuwa mahali pa kukimbilia: tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa moto, na ndani yake walikuwamo akina mama na watoto waliodhani hakuna atakayewafuata mbele ya madhabahu. Mwezi uliofuata, Baraza la Kitaifa la Makanisa la Kenya liliomba radhi kwa taifa, likikiri kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea kambi za kisiasa za makabila yao. Ni mara chache viongozi wa dini popote duniani kusema maneno kama hayo huku damu haijakauka.

Katiba mpya ya mwaka 2010 ililitengea suala la uongozi na uadilifu sura nzima, ile ya sita. Majaji waliokuwapo walitakiwa kupita mbele ya bodi ya kuwahakiki. Mmoja wao, David Maraga, mzee wa Kanisa la Waadventista Wasabato, alishika Biblia mbele ya bodi hiyo mwaka 2012 akaapa kwamba hajawahi kupokea rushwa na hatapokea. Wapo waliotikisa vichwa. Kiapo ni kitu rahisi, na Kenya ilikuwa imekwisha kuona viapo vingi.

Mwaka 2016 Maraga aliomba nafasi ya Jaji Mkuu. Katika usaili uliotangazwa moja kwa moja kwenye televisheni, aliulizwa swali ambalo lilikuwa mtego halisi. Katiba inaipa Mahakama ya Juu siku 14 tu kuamua kesi ya kupinga uchaguzi wa rais. Je, angekaa kusikiliza kesi siku ya Jumamosi, Sabato yake? Jibu jepesi lilikuwepo, na aliyetaka kazi angelitoa. Maraga alijibu kwamba lingekuwa jambo gumu sana kwake, na kwamba angezungumza na wenzake wampe ruhusa kwa saa hizo. Wachambuzi walisema amejifukuza kazi kabla ya kuipata. Akaipata.

Kilichomfaa pale si usabato wake. Wakenya wengi si Wasabato na hawana habari na Sabato. Waliona mtu anayekataa kusema uongo mdogo uliokuwa na faida kubwa kwake, nao wakajiuliza kama mtu wa namna hiyo angeweza kusema uongo mkubwa.

Jibu lilikuja mapema kuliko ilivyotarajiwa. Tarehe 11 Agosti 2017 Uhuru Kenyatta alitangazwa mshindi wa urais. Safari hii Odinga alikwenda mahakamani, tarehe 18 Agosti. Kikao cha awali kilipangwa Jumamosi jioni, jua likishazama. Mahakama haikutegemea nyoyo za watu kuwa safi. Iliagiza Tume ya Uchaguzi ifungue seva zake ili wataalamu wazikague, na tume haikutekeleza agizo hilo ipasavyo. Fomu zilikaguliwa moja baada ya nyingine, na baadhi zilikosa alama za usalama. Ijumaa, tarehe 1 Septemba, siku ya mwisho ya zile siku 14, majaji wanne dhidi ya wawili walifuta matokeo. Hilo halikuwahi kutokea Afrika kwa ushindi wa rais aliye madarakani.

Rais alisema anaiheshimu hukumu, kisha akiwa kwenye mkutano wa hadhara akawaita majaji wakora. Oktoba 24 dereva wa Naibu Jaji Mkuu alipigwa risasi, akajeruhiwa. Kesho yake Mahakama ya Juu ilipaswa kusikiliza ombi la kuahirisha uchaguzi wa marudio, lakini majaji waliofika walikuwa wawili tu, Maraga na Isaac Lenaola. Akidi haikutimia. Uchaguzi ukafanyika tarehe 26, Odinga akiususia. Hii si hadithi ya ushindi mnono wa haki, na watu waliuawa katika ghasia za miezi ile pia. Ila ukiilinganisha 2017 na 2007 utaona kwamba upande uliojiona umeibiwa ulikuwa na mahali pa kwenda. Mahali hapo palipatikana kwa sababu mbili zilizofuatana: sheria iliyoruhusu seva kufunguliwa, na jaji ambaye watu waliamini hatanunuliwa. Ikiondolewa moja, nyingine isingefua dafu.

Tangu hapo, Wakenya vijana wamekuwa wakali zaidi kwa wale wanaoazima heshima ya madhabahu. Kwa miongo mingi ilikuwa kawaida mwanasiasa kuingia kanisani Jumapili na bahasha nono, akapewa kipaza sauti, na watu wakampigia makofi bila kuuliza mshahara wake unawezaje kuzaa mchango wa namna hiyo. Septemba 2021 Askofu Mkuu wa Kianglikana, Jackson Ole Sapit, aliwapiga marufuku wanasiasa kuhutubia kutoka mimbari za kanisa lake. Maandamano ya vijana ya Juni 2024 dhidi ya muswada wa fedha, yaliyofikia kilele Bunge lilipovamiwa tarehe 25, yaligeukia makanisa pia: vijana walidai maaskofu wakatae fedha hizo. Mwezi uliofuata Rais William Ruto alitangaza kwamba watumishi wa umma wasishiriki tena harambee.

Tangazo halikudumu hata nusu mwaka. Novemba 2024 yeye mwenyewe alitoa mchango katika kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi, na kuahidi zaidi. Siku iliyofuata Askofu Mkuu Philip Anyolo aliagiza fedha zirudishwe. Nchi nzima ilishangaa, maana watu walikwisha kuzoea kuona bahasha zikipokelewa, hawajawahi kuona zikirudishwa. Machi 2025 rais aliahidi shilingi milioni 20 kwa kanisa moja la Roysambu, vijana wakaandamana, na mabishano hayo hayajaisha. Kwa mtazamo wa makala hii, hatua ya Soweto ilikuwa na uzito kuliko nyaraka kumi za kichungaji kuhusu ufisadi. Kanisa lilipoteza kitu ili liaminike.

Mbali na majumba ya mahakama na makanisa makubwa, suala hilihili limekwisha kupatiwa ufumbuzi, na waliolipatia ni watu ambao hakuna anayewaita wataalamu. Watafute chini ya mwembe au katika ukumbi wa kukodi, mara moja kwa wiki: akina mama 20 au 30, mbele yao sanduku la chuma.

Utaratibu wa vikundi hivi vya kuweka na kukopa ulianzia Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, ukafika Zanzibar na Tanzania Bara mwanzoni mwa miaka ya 2000, na leo karibu kila mtaa una kikoba chake. Mkutano hufunguliwa kwa sala. Kikundi chenye Waislamu na Wakristo huomba kwa zamu, au kila mmoja huomba kimoyomoyo. Kisha linaletwa sanduku. Lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, hakuna hata mmoja kati yao anayelala na sanduku nyumbani kwake. Anayelitunza sanduku hana ufunguo. Kabla ya kufungua, mwenyekiti huuliza salio la wiki iliyopita lilikuwa kiasi gani, na wanachama hulitaja kwa sauti kutoka kichwani, wasomi na wasiojua kusoma pamoja. Fedha zinahesabiwa mbele ya macho ya wote. Hisa hupigwa muhuri kwenye kitabu cha kila mwanachama. Aliyechelewa analipa faini, awe mke wa mchungaji au mama mwuza vitumbua.

Hakuna anayeona kwamba kufuli zinaitukana sala, wala kwamba mweka hazina anashukiwa. Mweka hazina mwenyewe ndiye wa kwanza kuzitaka kufuli, kwa sababu siku fedha zikipungua zitamtetea. Ni akina mama walewale, wengine wao waliopanda DECI mbegu wasiyoiona tena. Siku hizi vikundi vingi vimehamishia fedha kwenye akaunti za simu zinazohitaji idhini ya zaidi ya mtu mmoja, na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imevitambua kwa kuviweka katika daraja la nne la watoa huduma. Vikundi vilivyovunjika vipo, tena vingi. Chunguza kimoja kilichovunjika na mara nyingi utasikia habari ileile: ilifika siku mtu mmoja akaachiwa funguo zote kwa kuwa alikuwa mcha Mungu na watu walimwonea haya kumhesabia.

Baadhi ya nyumba za ibada zina desturi hiyohiyo bila makelele. Katika parokia na sharika nyingi za Tanzania, matangazo ya Jumapili husoma sadaka ya wiki iliyopita hadi shilingi ya mwisho, na waumini wanaosinzia wakati wa mahubiri huamka kusikiliza. Iko misikiti ambayo kamati hubandika ukutani mchango wa ujenzi na mifuko ya saruji iliyonunuliwa. Sheikh au padri wa mahali kama hapo hapungukiwi heshima hata chembe.

Serikali ya Tanzania nayo inadaiwa hivyo kisheria. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji ukutane angalau mara moja kila miezi mitatu, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wake. Hapo ndipo mapato na matumizi ya kijiji yanapopaswa kusomwa mbele ya wenye kijiji. Vipo vijiji ambako mkutano huo haujaitwa kwa mwaka mzima na hakuna aliyelalamika, kwa kuwa mwenyekiti ni mtu wa watu na mtendaji ni mzee wa kanisa. Msomaji unayeishi kijijini, kama huikumbuki tarehe ya mkutano wa mwisho, mwendee mtendaji umwulize kwa adabu, kisha uombe uone taarifa ya mapato na matumizi. Hata kama mnasali safu moja.